Chupa ya Lebanoni yenye harufu ya zizi: imeharibika, au ndivyo ilivyo?

*"Dada yangu alifanya kazi Beirut miaka sita. Aliporudi Dar alituletea chupa mbili za mvinyo mwekundu, Château Musar ya mwaka 2005, akasema tuzitunze kwa siku kubwa. Tuliziweka kabatini juu ya friji, zimesimama, karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita tukafungua moja siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Kizibo kilimeguka. Rangi haikuwa ya zambarau, ilikuwa kama tofali. Harufu ilikuwa ya siki, ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kwa nyuma kama zizi. Chini kulikuwa na matope. Tulipika samaki wa kupaka, na mvinyo ukawa na ladha ya chuma mdomoni. Shemeji akasema ni bandia, maana Waarabu hawatengenezi mvinyo. Mwingine akasema tutie sukari. Tuliifunika kwa foili tukaiacha mezani. Kesho yake nikaonja kabla ya kumwaga, nikashangaa: harufu mbaya imepungua, nikasikia kitu kama tini kavu. Nikaimwaga hata hivyo. Sasa imebaki moja. Je, nayo imeharibika? Na kama ni nzima, tuinywe na chakula gani? Halafu mume wangu ana pumu na kifua humbana akinywa mvinyo. Nasikia huu hauna kemikali. Ni kweli?"*

Dada yangu, pole sana. Naelewa uchungu wa kufungua kitu kilichotunzwa, watu wamekaa mezani, halafu kila mmoja anakunja uso. Lakini maelezo yako ni mazuri, na jibu umelitia mwenyewe karibu na mwisho: kesho yake harufu ilipungua, ukasikia tini kavu. Mvinyo ulioharibika haupati nafuu kwa kuachwa mezani usiku kucha. Siki huzidi kuwa siki, na kizibo chenye ukungu huzidi kunuka. Ule uliotulia baada ya kupata hewa ulikuwa hai. Kwa hiyo naamini mlimwaga mvinyo mzima, au karibu mzima, na chupa iliyobaki ina nafasi nzuri. Nasema "karibu" kwa sababu ya lile kabati la juu ya friji. Nitalifikia.

Tuanze na shemeji. Lebanoni inazungumza Kiarabu, lakini ni nchi ya dini nyingi, na mvinyo ni kazi ya kale mno pale. Wafoinike, watu wa pwani ile, walikuwa wakiusafirisha kwa merikebu katika Bahari ya Kati. Kule Baalbek, ndani ya Bonde la Bekaa, bado limesimama hekalu la Bakus, mungu wa mvinyo wa Warumi, lililojengwa karne ya 2. Mwaka 1857 mapadre Wajesuiti walianzisha shamba la Ksara katika bonde hilohilo. Musar ni mtoto kwa kulinganisha: Gaston Hochar aliianzisha mwaka 1930 huko Ghazir, kilomita kama 25 kaskazini ya Beirut. Dada yako hakuuziwa kitu cha ajabu. Alileta mvinyo wa Lebanoni unaojulikana kuliko yote nje ya nchi ile.

Ukitaka kujua kwa nini unanuka unavyonuka, lazima umjue Serge, mwana wa Gaston. Alisomea utengenezaji wa mvinyo Bordeaux, Ufaransa, akashika kazi ya baba yake mwaka 1959. Alijifunza kanuni zote za kuudhibiti mvinyo, kisha akaamua kuuacha ujiongoze. Hakutia hamira ya kununua. Zabibu huchacha kwa hamira ya asili iliyo kwenye maganda yake na hewani mwa ghala. Hakuuchuja. Aliongeza salfaiti, kemikali ya kuhifadhi mvinyo, kidogo tu. Serge alifariki mwishoni mwa mwaka 2014, lakini kampuni yake imeendelea na njia hiyo, na chupa yako ya 2005 ilitengenezwa wakati wake.

Mizabibu yenyewe haiko Ghazir. Iko Bekaa, upande wa pili wa Mlima Lebanoni, mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni kimo kinachokaribiana na cha Dodoma yetu, ila pale kuna baridi kali na milima yenye theluji. Mizabibu hulala, na mavuno ni mara moja kwa mwaka, wakati Dodoma huvuna mara mbili. Mchana wa kiangazi jua ni kali, zabibu hujaa sukari. Usiku hupoa, na zabibu hubaki na ugwadu wake. Kumbuka ugwadu huo, ndio unaofanya mvinyo mzito uweze kunywewa na nyama ya mafuta bila kuchosha.

Basi zabibu zikishachumwa hupandishwa malori, zivuke mlima mpaka Ghazir. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975 hadi 1990, njia hiyo ilikatwa na vizuizi na mapigano. Mwaka 1976 hapakutengenezwa mvinyo. Mwaka 1984 zabibu zilikaa njiani siku kadhaa mpaka zikaanza kuchacha ndani ya malori. Miaka mingine yote ya vita walivuna. Nakwambia haya kwa sababu watu husikia bei ya chupa hii wakadhani wanalipia jina. Mimi nikiishika nafikiria yale malori.

Mvinyo mwekundu wa Musar ni mchanganyiko wa zabibu tatu. Cabernet Sauvignon ndiyo uti wa mgongo: inaleta ukakasi na umri mrefu. Carignan inaleta mwili, rangi na ugwadu. Cinsault inaleta harufu tamu na ulaini. Zabibu hizo huchachia kwenye matangi ya saruji, kisha mvinyo hukaa mwaka mmoja kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Mwaka wa tatu huchanganywa na kutiwa chupani, halafu chupa hulazwa ghalani hadi mwaka wa saba ndipo huuzwa. Yaani 2005 yako ilikuwa imeshakua kabla haijaonwa na mnunuzi wa kwanza.

Sasa zile harufu. Bakteria wa siki huishi kila mahali penye zabibu. Wakipata hewa hubadilisha kileo kidogo kuwa asidi ya siki, na asidi hiyo ikikutana na kileo hutengeneza kitu kilekile kinachonuka kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Viwanda vikubwa huzuia jambo hili kwa salfaiti nyingi na kwa kuchuja. Musar huliacha litokee kwa kiasi. Likiwa dogo, huipa harufu ya matunda nguvu ya kupanda puani, kama tone la siki linavyochangamsha kachumbari. Likizidi, mvinyo umekufa. Lile zizi ni kazi ya hamira ya mwitu iitwayo Brettanomyces, ambayo hupenda kujificha kwenye mapipa ya mbao. Nayo ni hivyohivyo: kidogo hunuka ngozi na tandiko la farasi, nyingi hunuka banda lisilofagiliwa.

Wapo wataalamu wanaosema hizi ni kasoro, na kwamba jina kubwa la Musar linawaziba watu pua. Siwadharau, kwa sababu nimewahi kufungua chupa za mwaka mmoja, moja ikawa ya ajabu na nyingine imepotea. Mvinyo usiodhibitiwa sana hautoki sawasawa kila chupa, na anayetaka uhakika anunue kitu kingine. Lakini chupa nzuri ya Musar ina uhai ambao sijaupata kwenye mvinyo uliosafishwa hadi ukawa kama sharubati. Kwa hiyo mimi niko upande wake, na ni haki ulijue hilo unaposoma ushauri wangu.

Jambo moja zaidi lilizidisha harufu ile, na halihusu Lebanoni. Mlimimina mvinyo wenye joto la chumba cha Dar. Usemi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba ulitoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe za watu wa zamani, nyuzi 16 au 18. Kwenye nyuzi 30 kileo hupanda kwa kasi na kubeba kila kilicho kikali moja kwa moja mpaka puani. Mvinyo mwekundu unaruhusiwa kuingia friji. Kwetu pwani ni lazima.

Matope uliyoyaona ni mashapo, na si uchafu. Rangi na ukakasi wa mvinyo hutoka kwenye maganda ya zabibu. Miaka inavyopita chembe zake hushikana, huwa nzito, huzama. Ndiyo maana mvinyo uliokuwa wa zambarau hugeuka rangi ya tofali, na ndiyo maana ukakasi hulainika: sehemu yake iko pale chini. Yakiingia mdomoni yanakwaruza na yana uchungu, basi. Kwa mvinyo wa umri huo usiochujwa, ningeshtuka kama mashapo yasingekuwepo.

Ukiwa katika hali yake, huu ndio mvinyo utakaokutana nao: cheri zilizoiva sana, zabibu kavu, ile tini yako, tende kidogo, nyuma yake mdalasini na karafuu, ngozi, na mbao yenye harufu kama ya mwerezi. Mdomoni hauna utamu wa sukari. Wengi wetu tulianza na mvinyo mtamu wa Dodoma, kwa hiyo ulimi husubiri utamu usiokuja, na usipokuja husema "ni mchachu." Upe mafunda mawili matatu. Ladha yake pia haikai mahali pamoja. Glasi ya kwanza na ya mwisho hazifanani.

Haya, kabati. Juu ya friji ni mahali pabaya pengine kuliko pote nyumbani: friji hutoa joto lake kwa nyuma na joto hupanda, tena mashine hutetemeka. Chupa ikisimama kizibo hukauka, hunywea, hewa huingia. Kumeguka kwa kile cha kwanza pengine ni umri tu, lakini ukavu huongeza. Itoe leo. Ilaze sehemu yenye giza na joto lisilopanda na kushuka, na kama nyumba nzima ni moto, droo ya chini ya friji ni afadhali kwa miezi michache. Kisha iangalie. Kizibo kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa? Kuna michirizi ya kunata shingoni? Mvinyo umeshuka chini ya mabega ya chupa? Ukiona mojawapo, imeungua au inavuja, na kusubiri hakutaisaidia. Ukiwa na shaka, usiamue kwa barua. Mpelekee muuza mvinyo mwenye uzoefu, au mhudumu wa mvinyo wa hoteli kubwa, aione na aifungue mbele yako. Pua iliyozoea hutambua kwa dakika moja kile ambacho mimi siwezi kukinusa kutoka hapa.

Siku ya kuifungua, isimamishe tangu jana yake ili mashapo yashuke. Iweke friji saa moja hivi kabla ya kufungua. Kwa kizibo cha umri huo ule mkono wa kuzungusha haraka hukimega. Zungusha kizibuo mpaka ndani, vuta polepole mno. Kikimeguka, mimina kupitia kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiotikisika, na tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona uzi wa mashapo unafika shingoni, acha. Kilichobaki ni vidole viwili, usikililie.

Halafu subiri. Onja kijiko mara tu ukishamimina, onja tena baada ya nusu saa, tena baada ya saa moja. Kwa yako ningetenga saa mbili, na jagi likae mahali penye ubaridi. Siki na zizi vikipungua na matunda yakapanda, uko sawa. Ukisikia boksi lililolowa au kitambaa kilichovunda, ni ugonjwa wa kizibo. Haudhuru mwili lakini hauponi. Ukisikia jamu iliyopikwa na karanga zilizochina, joto limeula. Na siki ikibaki palepale au ikizidi baada ya saa mbili, nayo imekwenda.

Sasa mezani, ambako samaki wa kupaka aliwaponza. Mvinyo mwekundu una madini ya chuma kidogo kiasili, na chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki huchochea shombo. Ile ladha ya chuma haikuwa kosa la mvinyo wala la mpishi. Ongeza utamu wa tui, unaoufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu, na mambo yakawa hivyo. Samaki huyo mpe kinywaji kingine.

Walebanoni wenyewe huchagua. Zile sahani ndogondogo za mwanzo zenye limau na kitunguu saumu kingi, tabuleh (saladi ya majani) na wenzake, na kibbeh mbichi (nyama ya kusaga na ngano), mara nyingi huenda na arak, pombe kali ya zabibu yenye harufu ya anisi, inayogeuka nyeupe ikitiwa maji. Mvinyo mwekundu kama huu husubiri moto na nyama: kondoo wa kuchoma, kafta za mkaani (nyama ya kusaga yenye viungo), kibbeh ya oveni yenye ngano, nyama ya kusaga na mbegu za msonobari, au bega la kondoo lililolala juu ya freekeh, ngano iliyovunwa mbichi na kuchomwa ikashika moshi. Sababu ni rahisi. Ukakasi wa mvinyo hushika protini za mate, ndiyo maana mdomo hukauka. Ukila nyama, ukakasi hupata cha kushika, mafuta hulainisha ulimi, na ugwadu wa mvinyo huyafuta mafuta ili funda la pili la chakula liwe kama la kwanza.

Kwako huna haja ya kutafuta freekeh. Kama ningealikwa, ningeomba pilau ya mbuzi. Bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia: hizo ni harufu ambazo nusu yake zimo tayari ndani ya glasi. Mbavu za mbuzi za kuchoma, zenye chumvi tu, ni chaguo la pili, tena pengine la kwanza kama mkaa ni mzuri. Mishkaki sawa, ila punguza ukwaju na acha pilipili kabisa, kwa sababu kileo huongeza moto wa pilipili na hutasikia kitu kingine. Kachumbari yenye ndimu ikae sahani ya pembeni. Asiyekula nyama mpe mujaddara, dengu na wali chini ya vitunguu vilivyokaangwa sana. Chakula cha kawaida kabisa cha Lebanoni, kinachobeba mvinyo huu vizuri kuliko kuku wa kukaanga. Bilinganya ya kuchomwa pia.

Sukari usitie. Itafunika ukali kwa ulimi, pua itaendelea kusikia, na tini yako itapotea.

Nimeacha suala la mumeo mwisho kwa sababu ndilo zito. Si kweli kwamba mvinyo huu hauna salfaiti. Huongezwa kidogo kuliko kawaida, lakini hamira yenyewe hutengeneza salfaiti wakati wa kuchacha, kwa hiyo hakuna mvinyo usio nayo hata chembe. Baadhi ya wenye pumu, si wote, hubanwa na kifua kwa sababu yake. Wengine kwa sababu ya histamini, ambayo mvinyo mwekundu unayo zaidi ya mweupe. Wengine kwa kileo chenyewe. Mimi najua chupa, sijui mapafu ya mtu. Kifua kinachobana kila anywapo si jambo la kujaribia kwa chupa "ya asili." Aende kwa daktari anayemtibu pumu, amweleze ni kinywaji gani, kiasi gani, na baada ya dakika ngapi, na ataje dawa zote anazotumia. Na ikitokea akapumua kwa mluzi, akavimba midomo au akashindwa kumaliza sentensi, hiyo ni hospitali usiku uleule.

Mpaka daktari aseme, usimpe hata funda la kuonja. Laza chupa mahali pa ubaridi. Kama ni nzima, haitaharibika kwa kusubiri miezi michache zaidi.